Pipa la makaa ya vifuu lipoe saa ngapi? Mwongozo wa kuhesabu joto kwa lahajedwali

Wanaochoma makaa ya vifuu vya nazi, Unguja na Pemba, huuliza jambo moja kila wakati: pipa nilifungue lini? Ukilifungua mapema, hewa inaingia, makaa yanashika moto, na kazi ya siku nzima inageuka jivu. Wanafunzi wa fizikia na uhandisi nao, wa vyuo vya Tunguu na Mbweni na wa skuli za sekondari, wana swali lao: modeli ya joto ndani ya kitu chenye vinyweleo (vitundu vidogo vidogo) naianzia wapi, mbona kila kitabu kinafungua na milinganyo isiyokwisha? Mwongozo huu unawajibu wote kwa kazi moja. Tutahesabu jinsi pipa la makaa linavyopoa, tangu limezibwa likiwa jekundu ndani mpaka linapofunguka kwa salama.

Shika neno moja kabla ya yote: uwezo wa makaa kupitisha joto si namba moja. Yakiwa ya moto sana yanapitisha joto mara nyingi zaidi kuliko yakiwa vuguvugu. Modeli nyingi za wanaoanza huharibika hapo, maana mtu anachukua namba moja mtandaoni, anaitumia toka mwanzo hadi mwisho, kisha anashangaa pipa halimtii.

Unachohitaji

- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali. LibreOffice Calc ni ya bure na inatosha kabisa. Simu inaweza kufungua faili, lakini kuna maelfu ya mistari, utachoka.
- Ndoo ya lita 20, mizani, na futi ya fundi.
- Makaa makavu kutoka kwenye pipa lenyewe unalotaka kulihesabu.
- Themokapo (vipimajoto vya waya) mbili za aina ya K na kifaa cha kuzisomea. Hizi ni za hatua ya mwisho. Kama huna, anza bila hizo, ila usimpe mtu jibu lako alitumie mpaka uzipate.
- Hesabu za kidato cha nne. Kalkulasi haihitajiki.

Nadharia, kidogo tu

Joto hutembea kutoka penye moto kwenda penye baridi. Katika rundo la makaa lina njia mbili kubwa: linapita ndani ya kaboni na gesi iliyojaa vinyweleo, na linaruka kama mnururisho (miale ya joto) kutoka kipande kimoja hadi kingine kupitia nafasi iliyo wazi baina yao. Njia ya kwanza haibadiliki sana. Ya pili hukua kwa mchemraba wa halijoto, ikihesabiwa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273).

Wengi huuliza kama ni lazima kuchora kila kinyweleo. Hapana. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha karibu sentimita 57, na vipande vya kifuu vina sentimita mbili tatu, kwa hiyo joto linakutana na vipande vingi kabla halijatoka nje. Wastani unatosha. Kama unachunguza kipande kimoja tu, mwongozo huu si wako.

Hatua kwa hatua

1. Pima densiti ya makaa yako. Pima ndoo tupu, ijaze makaa bila kushindilia, pima tena. Tuseme umepata kilo 8 za makaa kwenye lita 20. Hiyo ni kilo 400 kwa mita ya ujazo, na ndiyo nitakayoitumia hapa. Makaa yawe makavu kweli. Hewa yetu ina unyevu, na makaa huunyonya. Yaliyolala ghalani wakati wa Masika yatakudanganya uzito. Yaanike juani kwanza.

   Sasa tafuta sehemu iliyo tupu. Grafaiti safi ina densiti ya karibu 2,260. Kaboni ya makaa, ukiondoa vinyweleo vyote, iko chini ya hapo. Anza na 1,600. Kwa hiyo 1 − 400/1,600 = 0.75. Robo tatu ya pipa lako ni gesi.

   *Kosa la kawaida:* mtu anapima densiti ya ndoo, ambayo tayari imehesabu nafasi tupu, halafu anaizidisha tena kwa 0.25 kwenye milinganyo. Nafasi tupu inahesabiwa mara moja tu.

2. Tafuta mipaka ya upitishaji wa kawaida. Hewa hupitisha 0.026 wati kwa mita kwa kelvini kwenye nyuzi 27. Kaboni isiyo na mpangilio wa grafaiti tuichukulie 1. Kama kaboni na gesi zingekuwa zimesimama sambamba na njia ya joto, ungepata 0.75 × 0.026 + 0.25 × 1 = 0.27. Kama zingekuwa zimelala moja juu ya nyingine, joto likikatiza kila tabaka, ungepata karibu 0.034. Ukweli uko kati ya hizo mbili. Tunaanza na 0.10, tukijua kwamba tutairekebisha.

   *Tahadhari:* ukitafuta “upitishaji joto wa kaboni” utaletewa namba za grafaiti, zinazofika mamia. Hazina uhusiano na makaa ya vifuu. Ukiziingiza, pipa lako litapoa kwa dakika chache kwenye kompyuta, na kuwaka moto uwanjani.

3. Ongeza mnururisho. Hapa ndipo penye kiini cha kazi, usipite mbio. Mchango wake ni takriban 4 × σ × d × T³, ambapo σ ni namba ya kudumu ya Stefan na Boltzmann, 0.0000000567, d ni upana wa nafasi baina ya vipande kwa mita, na T ni halijoto kwa kelvini. Kwa nafasi ya sentimita 1, jumla pamoja na ile 0.10 inakuwa hivi:

   - nyuzi 50: 0.18
   - nyuzi 100: 0.22
   - nyuzi 400: 0.79
   - nyuzi 600: 1.61

   Kutoka nyuzi 600 hadi 50 upitishaji umeshuka karibu mara tisa. Ndiyo maana pipa hushuka kwa kasi mwanzoni, mchomaji akafurahi, kisha nyuzi mia za mwisho zikagoma.

   Tazama pia d inavyotawala. Makaa yakiwa chenga na vumbi, nafasi ikawa sehemu ya kumi ya milimita, mnururisho wa nyuzi 600 unaanguka kutoka 1.51 hadi 0.015. Joto limefungiwa ndani. Bibi zetu walifukia kaa jivuni usiku na asubuhi wakalikuta lingali hai. Ni jambo hilihili. Pipa lenye chenga nyingi chini lihesabie muda mrefu zaidi.

   *Kosa la kawaida, na ndilo ninaloulizwa zaidi:* kuweka nyuzi za Selsiasi kwenye T³. Ongeza 273 kwanza. Ukisahau, mnururisho wa nyuzi 100 utakuwa mdogo mara hamsini kuliko unavyopaswa.

4. Ligawe pipa kuwa pete. Chukua nusu kipenyo cha sentimita 28.5 na ukigawe pete 19 zenye unene wa sentimita 1.5. Hesabu kwa kila mita moja ya kimo cha pipa. Tunadhani joto linatoka ubavuni tu, si juu wala chini. Kwa pipa lililojaa, lenye kimo cha karibu sentimita 85, dhana hii inarefusha muda kwa kama sehemu moja ya tano, na kukosea kwa upande huo ni salama. Kama makaa yamefika nusu ya pipa tu, kosa ni kubwa zaidi, ila bado upande uleule.

5. Jenga lahajedwali. Fungua ukurasa uuite *Namba*, uweke: B1 unene wa pete 0.015; B2 upitishaji wa kawaida 0.10, B3 mnururisho 0.000000002268 (yaani 4σd). B4 densiti 400. B5 joto la nje 30. B6 uwezo wa ubavu wa pipa kutoa joto, 15. B7 hatua ya muda, sekunde 20.

   Ukurasa wa pili ndio wa kazi. Mstari wa 1, kuanzia B hadi T, andika nusu kipenyo ya nje ya kila pete: 0.015, 0.030, mpaka 0.285. Mstari wa 2 weka ujazo wa pete: kwenye B2 `=PI()*B1^2`, kwenye C2 `=PI()*(C1^2-B1^2)`, kisha nakili hadi T2. Mstari wa 5 ni mwanzo: A5 ni 0, na B5 hadi T5 ni 600.

   Joto linalovuka kutoka pete hadi pete linakaa safu za V hadi AM. Fomula zimeandikwa kwa alama ya ! kama ya Excel; kwenye LibreOffice Calc andika nukta mahali pake, yaani `Namba.$B$2` badala ya `Namba!$B$2`. Kwenye V5 andika:

   `=2*PI()*B$1*(Namba!$B$2+Namba!$B$3*((B5+C5)/2+273)^3)*(B5-C5)/Namba!$B$1`

   Nakili kulia hadi AM5. Safu ya AN ni joto linalotoka nje ya pipa:

   `=2*PI()*T$1*(T5-Namba!$B$5)/(Namba!$B$1/(2*(Namba!$B$2+Namba!$B$3*(T5+273)^3))+1/Namba!$B$6)`

   Mstari wa 6 ni sekunde 20 baadaye. A6 ni `=A5+Namba!$B$7`. Pete ya katikati, B6:

   `=B5-Namba!$B$7*V5/(Namba!$B$4*(750+1.75*B5)*B$2)`

   Pete zinazofuata, C6:

   `=C5+Namba!$B$7*(V5-W5)/(Namba!$B$4*(750+1.75*C5)*C$2)`

   Nakili C6 hadi T6, nakili V5 hadi AN5 zishuke mstari wa 6, kisha uvute mstari wote wa 6 kwenda chini. Mistari 5,400 ni saa 30.

   Ile 750 + 1.75 × nyuzi ni joto mahususi, yaani jouli zinazohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja. Kaboni haihifadhi joto kwa kiwango kimoja: grafaiti ina karibu jouli 710 kwa kilo kwenye nyuzi 25, na karibu 1,800 ikifika kelvini 1,000. Mstari huu mnyoofu unaifuata vizuri kiasi, na makaa hayako mbali nayo.

6. Usicheze na hatua ya muda. Sekunde haziruhusiwi kuzidi unene wa pete mraba, ugawe kwa mara mbili ya kasi ya joto kuenea. Kasi hiyo ni upitishaji ugawe kwa densiti na joto mahususi. Kwa namba zetu, kwenye nyuzi 600, kikomo ni karibu sekunde 50. Sekunde 20 ziko salama. Ukipunguza unene wa pete nusu, kikomo kinashuka hadi robo, si nusu.

7. Kagua modeli kabla ya kuiamini. Hatua hii watu huiruka, nami nakuomba usiiruke. Fanya majaribio matatu.

   La kwanza: weka joto la nje 600. Kusitokee badiliko lolote, hata la nukta.

   La pili: jumlisha AN yote ukizidisha kwa sekunde 20, na ulinganishe na joto lililopungua kwenye pete. Joto lililomo katika kila pete ni densiti × ujazo × (750T + 0.875T²), T ikiwa kwa Selsiasi. Hesabu hizi mbili zikipishana zaidi ya asilimia moja au mbili, kuna fomula umekosea.

   La tatu: kwenye ukurasa wa *Namba* weka B3 kuwa 0, B2 kuwa 0.24, badilisha joto mahususi liwe 1,000 kila mahali, na B6 liwe 1,000,000 ili ubavu ushikwe kwenye nyuzi 30. Baada ya saa 8 za mwanzo, tofauti ya katikati na nje lazima ipungue mara 2.72 kila baada ya saa 6.5. Hili ni jibu la hisabati ya silinda, halina mjadala. Ukilipata, lahajedwali lako ni sahihi na unaweza kurudisha namba za makaa.

8. Endesha, soma katikati. Chora safu ya B ya ukurasa wa pili dhidi ya muda. Utaona mchirizi unaporomoka halafu unalala. Kisha jaribu kubadilisha B6 ya *Namba* kutoka 15 hadi 30, kana kwamba Kusi unavuma juu ya pipa. Ubavu utapoa upesi, lakini katikati, kwenye zile saa za mwisho, faida ni ndogo, kwa sababu kizuizi kikubwa ni makaa yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kumwagia maji ubavuni: mkono unahisi baridi, moyo wa pipa bado una moto. Mimi ningefungua katikati ikiwa chini ya nyuzi 50, si kabla.

9. Linganisha na pipa la kweli. Kabla ya kuziba, ingiza themokapo moja katikati na nyingine nusu ya njia kuelekea ubavuni, zote katika nusu ya kimo cha makaa. Ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi. Tumia waya mwembamba, kwa sababu fito nene ya chuma hubeba joto nje na kusoma pungufu.

   Rekebisha kwa mpangilio huu. Kama modeli inakosea kwenye saa za moto, badilisha B3 ya *Namba*, maana hapo mnururisho ndio unaotawala. Kama inakosea kwenye mkia, badilisha B2. Usiguse vyote viwili kwa wakati mmoja, na usiguse densiti, hiyo umeipima.

   *Tahadhari ya maisha:* pipa linaloungua nusunusu hutoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua. Fanya kazi uwanjani, usiinamie mdomo wa pipa, usilaze pipa la moto ndani ya banda watu wanamolala.

Modeli hii haijui nini

Haijui kama pipa linavuja. Kilo moja ya kaboni ikiungua kabisa hutoa karibu megajouli 33, na hata tundu dogo kwenye ungio la mfuniko linatosha kuzuia katikati kupoa. Haijui maji pia. Ukimwagia maji ndani, kila kilo inayogeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inabeba megajouli 2.26, na hapo hesabu hii imekwisha, unahitaji nyingine.

Wala haijui kinachotokea baada ya kufungua. Makaa mapya hunyonya oksijeni na kujipasha yenyewe hata bila cheche, na ndiyo sababu kanuni za kimataifa za usafiri wa baharini zinayaorodhesha kama mzigo unaojipasha moto, namba UN 1361. Anayepeleka magunia bandarini Mkoani au Malindi alijue hilo.

Ikigoma

*Namba zinaruka, mara juu mara chini, kisha zinakuwa kubwa za ajabu.* Hatua ya muda ni ndefu mno. Rudi hatua ya 6. Ukiwa umeongeza d, kikomo kimeshuka pia.

*Katikati inapanda juu ya 600.* Alama ya kutoa na kujumlisha zimebadilishana kwenye C6. Joto linaloingia ni V, linalotoka ni W.

*Pete zote zinapoa sawasawa, kama chungu cha maji.* Upitishaji ni mkubwa mno. Aghalabu ni namba ya grafaiti, au d imewekwa 1 badala ya 0.01.

*Hakuna kinachopoa.* Angalia kama umenakili mistari bila alama ya $ kwenye mstari wa 1 na wa 2. Fomula zitakuwa zinasoma seli zisizo zao.

*Pipa la kweli linapoa upesi kuliko modeli, tangu mwanzo.* Pima kimo cha makaa, huenda hayakujaa, joto linatokea juu. Angalia pia kama pete za nje zilianza kweli na 600. Ubavu huwa umeshapoa wakati wa kuziba. Weka zile nne za mwisho chini kidogo, kwa kufuata kipimo cha themokapo ya pembeni.

*Pipa la kweli linashuka vizuri, kisha linasimama mahali pamoja kwa saa kadhaa.* Likisimama karibu na nyuzi 100, kuna maji yanayochemka. Likisimama juu ya hapo, au likaanza kupanda, kuna hewa inayoingia. Acha kompyuta, nenda ukazibe mfuniko upya kwa udongo, na uanze kuhesabu muda tangu saa hiyo.

*Modeli na themokapo vimekubaliana, pipa likafunguliwa, na bado gunia limewaka kesho yake.* Makaa yalipakiwa mapema mno. Yatandaze nje kwa tabaka jembamba, mbali na ukuta na makuti, siku nzima au zaidi, kisha ingiza mkono katikati ya rundo kabla ya kutia ndani ya gunia. Likiwa na joto kuliko hewa, litandaze tena.